Pori Lisilo na Watu: Kwa Mwenye Gobore Anayetafuta Eneo Tulivu la Kuwindia, Ngara na Biharamulo

Mwezi wa Juni unapoelekea kwisha, watu wenye bunduki za leseni huanza kufika ofisini kuulizia msimu wa uwindaji. Wengi huuliza ada. Wengine huuliza wanyama waliofunguliwa. Mzee mmoja kutoka upande wa Nyakahura, wilayani Biharamulo, aliuliza jambo jingine. Baada ya salamu alitandaza mezani karatasi ya daftari aliyoichora kwa kalamu: barabara kuu ya Lusahunga, kijito kimoja, na nyuma ya kijito hicho nafasi tupu.

“Mwanangu,” alisema, “mwaka jana nilikata leseni nikaenda kuwinda mkoa mwingine. Tulikuwa wengi porini hata kila mmoja akamfukuzia mwenziwe mnyama. Mimi nina gobore, sina raifo. Nataka pahali pasipo na watu. Hapa pakoje?”

Kidole chake kilikuwa kimetua katikati ya ile nafasi tupu, ndani kabisa ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Mzee yule hakuwa jangili. Alikuwa na nia ya kulipa ada na kufuata utaratibu, na pori alilolichora alilijua tangu ujana wake, enzi ambazo jina lake lilikuwa jingine na masharti yake mengine. Lakini kama angekwenda huko asubuhi moja ya Julai kwa kuamini kwamba utulivu wake ni bahati aliyoivumbua peke yake, angerudi akiwa mshtakiwa, au asingerudi nyumbani kwa miaka mingi. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake na wenzake. Swali lake ni zuri, na lina majibu. Ila katika wilaya hizi mbili, kabla ya kuuliza ni pori gani lisilo na watu, sharti kwanza uulize kwa nini halina watu.

Kwa nini gobore linataka utulivu

Wasiolijua gobore hudhani kwamba anayelitumia ni mwindaji kama mwingine yeyote, tofauti ikiwa ni umri wa bunduki yake tu. Sivyo. Gobore hushindiliwa kwa mdomoni. Mpigaji hutia baruti iliyopimwa, hufuatisha kizibo cha kitambaa au makumbi, kisha risasi au marisau, akashindilia kwa mdeki, ndipo akaweka fataki mahali pake chini ya nyundo. Mwenye mkono mwepesi hutumia nusu dakika au zaidi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ana nafasi moja tu ya kupiga. Baada ya mlio, wingu la moshi mweupe humfunika yeye na alichokilenga, na kwa muda mfupi haoni kama amepata au amekosa.

Zaidi ya hayo, mtutu wa magobore mengi ya kwetu ni laini kwa ndani. Hauna michirizi inayoizungusha risasi kama ilivyo katika raifo. Shabaha ya kuaminika haivuki sana mita 50, na kwa marisau ni pungufu ya hapo. Mwenye raifo anaweza kuridhika na swala aliyesimama mbali, ng'ambo ya bonde. Mwenye gobore hana budi kunyata mpaka karibu, na mnyama humruhusu mtu kumkaribia kiasi hicho pale tu ambapo hajasumbuliwa. Pongo aliyesikia milio miwili asubuhi hatakubali mtu amfikie mita 50 jioni yake. Ndiyo maana msongamano wa wawindaji, ambao kwa mwenye raifo ni kero, kwa mwenye gobore ni mwisho wa safari.

Upo pia usalama. Watu wengi wakinyata katika nyasi ndefu, kila mmoja akingoja kitu kitikisike, huku mmoja wao akipiga na kupotelea ndani ya moshi wake mwenyewe, hapo ajali inanukia.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa kalenda. Katika jimbo la Colorado nchini Marekani, wanaowinda elki, mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi, kwa bunduki za kushindilia hutengewa siku zao mwezi wa Septemba, kabla ya misimu ya raifo kufunguliwa, na leseni zao hugawiwa kwa idadi maalumu kulingana na eneo. Kwetu gobore halina msimu wake peke yake. Utulivu wapaswa kutafutwa kwa njia nyingine.

Utupu wa mapori ya Ngara na Biharamulo

Mtu anayesafiri kutoka Nyakanazi kupita Lusahunga kuelekea Benaco na Rusumo huona pande zote mbili za barabara miombo isiyo na nyumba kwa masafa marefu, akajiuliza kwa nini ardhi kubwa hivyo haina watu ilhali milima ya Ngara imejaa migomba na makazi yaliyobanana. Jibu lina tabaka zaidi ya moja.

La kwanza ni mbung'o. Wakati wa utawala wa Waingereza, ugonjwa wa malale uliwafanya watawala wawahamishe watu kutoka mapori ya magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, ili wasiishi walikotawanyika katikati ya nzi hao. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori, na wanyama wakatamalaki.

Tabaka la pili lina umri mdogo, na wengi wa wasomaji wetu waliliona kwa macho yao. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja. Kambi ya Benaco na nyingine wilayani Ngara zikawa miji kwa ghafla. Watu wale walihitaji kuni na walihitaji kitoweo, na mapori ya akiba ya Burigi na Kimisi yalikuwa jirani. Nyama ya porini ikawa biashara, na makundi ya wanyama yakapungua vibaya. Wengi wa wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, lakini wanyama hawarudi kwa msafara wa siku moja. Hatuyasemi haya ili kuwalaumu watu waliokimbia kuokoa roho zao. Twayasema kwa sababu ni mfano ulio karibu nasi wa jinsi uwindaji usio na kipimo unavyoweza kuliacha pori likiwa tulivu kweli, kwa maana ya kwamba hakuna tena cha kuwinda. Ukiambiwa na mtu kwamba mahali fulani hakuna mwindaji hata mmoja, huenda sababu ndiyo hiyo.

Tabaka la tatu ni sheria, nalo ndilo lililomponza, au lililokaribia kumponza, mzee wetu. Mwaka 2019 yaliyokuwa Mapori ya Akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Mwaka huohuo, kaskazini zaidi katika mkoa wa Kagera, Ibanda na Rumanyika nayo yakawa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Yaani mapori makubwa ambayo mkazi wa Kagera alizoea kuyataja akiongelea wanyama yalihama kutoka mfumo mmoja wa sheria na kuingia mwingine. Majina ya zamani yamebaki midomoni. Watu bado husema “pori la Kimisi” au “pori la Biharamulo”, na anayesikia jina la zamani hudhani masharti ni ya zamani.

Tofauti ya hadhi, na uzito wake

Hifadhi ya Taifa haiwindwi kabisa, kwa leseni yoyote wala kwa silaha yoyote. Chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, kuingia bila kibali ni kosa, na kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa la pili linalosimama peke yake, hata kama gobore lako halikufyatuliwa na mkoba wako hauna kitu. Ukikutwa na nyama, ngozi au pembe, linaongezeka kosa la tatu: kupatikana na nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kwa kosa hilo, kutegemea thamani ya nyara, kifungo kinaweza kuwa cha miaka 20 hadi 30. Mashtaka ya namna hii hufunguliwa mara kwa mara katika mahakama za kanda hii. Mshtakiwa anayesema kwamba hakuujua mpaka hubaki na kazi nzito ya kuaminiwa.

Pori la Akiba husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Humo uwindaji unaweza kuwapo, lakini hasa ule wa kitalii, ndani ya vitalu vilivyokwisha kugawiwa kwa kampuni. Leseni ya mwenyeji haikupi haki ya kuingia katika kitalu cha mtu. Moyowosi, kusini mwa wilaya zetu, huwavutia watu kwa ukubwa wake na kwa mabwawa yake. Anayeuona ukubwa huo kwenye ramani asidhani ni mali isiyo na mwenyewe.

Hifadhi ya Msitu ina msimamizi mwingine, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kuingia humo kwa shughuli yoyote kunahitaji ridhaa yake. Ardhi ya kijiji ina serikali ya kijiji. Kinachobaki ni maeneo ya wazi na mengineyo yaliyotangazwa kwa ajili ya uwindaji wa wenyeji, na orodha yake hubadilika. Si kila wilaya huwa na eneo lililofunguliwa katika kila msimu, na kwa mkazi wa Ngara au Biharamulo yamkini eneo la halali lililo karibu naye liko nje ya mkoa. Nauli na siku za safari ziingie katika hesabu tangu mwanzo, kabla ya ada ya leseni kulipwa.

Na usisahau mpaka wa nchi. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda ina Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Burundi nayo ina Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu katika bonde la mto wenye jina hilo, unaokutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kuvuka mpaka na silaha ni jambo zito kuliko uwindaji haramu. Wenyeji wa huko wanajua kwamba simu hudaka mtandao wa Rwanda ukiwa bado uko Tanzania. Ujumbe wa kukaribishwa nchi jirani si ushahidi kwamba umevuka, lakini ukiupata huku umeshika bunduki, geuza njia.

Jinsi ya kulichagua eneo

Anza na Ofisa Wanyamapori wa Wilaya, na umuulize maswali manne kwa mkupuo: maeneo gani yametangazwa msimu huu, wanyama gani na idadi gani zimetengwa kwa kila eneo, leseni ngapi zimeshatolewa kwa eneo hilo, na je, gobore linakubalika kwa mnyama unayemtaka. Swali la tatu ndilo kipimo halisi cha msongamano, na ndilo watu husahau kuliuliza. Eneo maarufu lenye leseni nyingi litakuwa na vurugu hata likiwa kubwa. Eneo dogo lisilosifiwa, lenye leseni chache, laweza kukupa asubuhi nzima bila kusikia mlio wa mwingine.

Swali la nne ni la lazima. Kumiliki gobore kihalali hakumaanishi kwamba waweza kulielekeza kwa kila mnyama, kwa kuwa aina ya silaha hupangwa kulingana na mnyama. Nyati ni wa raifo zenye nguvu. Mwenye gobore anayemjaribu hujitafutia kifo. Kwa maoni yetu, mwenye gobore la marisau anayefuata kanga na kwale hufurahia msimu wake kuliko anayejilazimisha kwa pofu. Ndege hawa hupatikana kandokando, si lazima ndani ya pori kuu, na hivyo humwondoa mwindaji kwenye njia wanayogombania wengine.

Kisha tazama tarehe. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai, na wiki za mwanzo ndizo zenye watu wengi, kwa sababu kila mwenye leseni anaogopa kutangulizwa. Anayeweza kusubiri mpaka fujo ya mwanzo itulie, na akaenda katikati ya juma badala ya Jumamosi, hupata pori lilelile likiwa na sura nyingine. Lakini mwenye gobore asisubiri kupita kiasi. Katika ukanda wetu mvua za vuli huanza kunyesha kuanzia Septemba, na baruti iliyopata unyevu ni majivu tu. Nyasi nazo huota upya na kuziba macho. Julai na Agosti majani makavu huvunjika chini ya mguu na kukusaliti, ila baruti hubaki kavu na wanyama husogea karibu na maji yaliyosalia. Lipi bora? Sisi tungechagua Agosti.

Umbali ni kichujio kingine. Wawindaji wengi hawaendi mbali na mahali gari au pikipiki inapoishia. Saa moja ya mguu, kisha hurudi. Anayeongeza saa mbili nyingine huwaacha wengi nyuma yake. Hata hivyo kila hatua ya kwenda ni hatua ya kurudi ukiwa umebeba nyama. Pongo dume ana uzito wa kilo 40 na zaidi. Pofu dume hupita kilo 500. Katika jua la mchana nyama hiyo huanza kuharibika baada ya saa chache. Kabla ya kwenda mbali, hesabu mabega yatakayobeba. Tumeshuhudia watu wakisifu pori la mbali wakati wa kwenda na kulilaani wakati wa kurudi.

Utulivu wa wawindaji, tena, si utulivu wa watu. Miombo isiyo na mwindaji yaweza kuwa na warina asali, wachungaji, wachoma mkaa na akina mama wanaookota uyoga. Ukiona mizinga juu ya miti, jua pori hilo lina wenyewe, na huenda mmoja wao yuko nyuma ya kichaka unachokilenga. Ripoti kwa Mtendaji wa Kijiji kabla ya kuingia, na ikiwezekana chukua mwenyeji wa kukuongoza. Atakuonyesha vigingi vya mpaka, ambavyo mgeni hupita kando yake bila kuvitambua. Vaa nguo za rangi ya udongo: mbung'o huvutiwa na rangi nyeusi na buluu, kama anavyojua kila aliyewahi kuingia mapori haya na shati la buluu.

Lililo muhimu kuliko yote katika uchaguzi wa eneo ni kukaa mbali na mpaka wa hifadhi. Wawindaji hupenda ukingo wa hifadhi, kwa sababu wanyama hutoka humo na watu ni wachache. Kwa mwenye gobore, ukingo huo ni mtego. Risasi yake mara nyingi hujeruhi bila kuua papo hapo, na mnyama aliyejeruhiwa hukimbilia kule alikozoea usalama. Sheria humtaka aliyemjeruhi mnyama afanye kila awezalo kummaliza. Mnyama akishavuka kigingi, hata hivyo, huwezi kumfuata na bunduki yako. Simama hapo, weka alama, ukatoe taarifa kwa askari wa wanyamapori. Ni afadhali kuchagua tangu mwanzo eneo lenye kilomita kadhaa za nafasi kati yako na mpaka.

Mengine ni ya kawaida, nayo tunayataja kwa haraka: usiwinde usiku, kwa kurunzi, kwa mbwa, kwa sumu, kwa mitego wala kutoka kwenye gari, usimpige jike mwenye mimba wala mwenye mtoto, twiga haguswi. Kizibo cha kitambaa hutoka mtutuni kikiwa kinafuka, na katika nyasi za Agosti chaweza kuwasha pori zima. Kifuate, kikanyage.

Wauza utulivu

Kila msimu hujitokeza vishoka. Huwa na maneno matamu: wanalijua pori ambalo halijaguswa, wana mtu wao ndani, na leseni itapatikana baadaye. Hupenda kukutana na mteja stendi au kwenye mgahawa, na hutaka fedha taslimu au iliyotumwa kwa simu ya mtu binafsi. Malipo ya leseni hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, na stakabadhi yake hutaja ulicholipia. Leseni yenyewe hutaja jina lako, mnyama, idadi, eneo na muda. Kikikosekana kimojawapo, hujanunua kitu. Anayekuongoza mpaka pori lililofungwa, akachukua ujira wake na kurudi, hatakuwapo kizimbani pamoja nawe.

Vilevile, leseni yako ni ya kuwinda, haikupi ruhusa ya kufanya biashara. Nyamapori huuzwa katika mabucha yaliyosajiliwa chini ya kanuni za mwaka 2020. Jirani akikuomba umuuzie paja moja, mwelekeze huko.

Bunduki yenyewe

Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo ina historia yake. Kwa miaka mingi mabasi yalipita mapori ya Biharamulo yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi wenye silaha, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mtu anayetokea kichakani na gobore begani huonwa kwanza kuwa tishio. Toa taarifa kituo cha polisi cha eneo unalokwenda. Safirisha bunduki ikiwa haina kitu ndani, imefungwa. Na beba leseni mbili halisi, ya silaha na ya uwindaji, wala usitegemee picha zake kwenye simu.

Leseni ya silaha hutolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nayo ni ya mtu, hairithiwi pamoja na bunduki. Magobore mengi ya vijijini yametoka kwa baba au babu. Mwenye leseni akifariki, familia hutakiwa kutoa taarifa polisi na kuikabidhi silaha, kisha anayeitaka aombe upya kwa jina lake, kuanzia serikali ya kijiji na kamati za usalama. Katika vipindi vya msamaha vilivyotangazwa nchini, kama vile Septemba na Oktoba 2023, watu walisalimisha silaha zisizo na vibali bila kushtakiwa. Wakati usio wa msamaha, kituo cha polisi ndicho mahali pa kuanzia, na anayekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekamatwa. Magobore yaliyoundwa na wahunzi kwa mabomba ya maji hayana njia ya kuhalalishwa kienyeji, nayo hupasuka mbele ya uso wa mpigaji.

Tulipofika hapa katika maelezo, mzee wa Nyakahura alinyamaza kidogo. Alitoa mfukoni leseni ya silaha iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina la kaka yake mkubwa, aliyefariki miaka miwili iliyokuwa imepita. Kwa leseni ile alikuwa amekwenda kuwinda mwaka uliotangulia, na hakuna aliyemwuliza. Tulimweleza kwamba suala la eneo tulivu litasubiri, na kwamba bunduki ifike polisi kabla ya kitu kingine chochote. Aliichukua karatasi yake ya ramani, akaigeuza upande wa pili, akaomba tumwandikie majina ya hati atakazotakiwa kwenda nazo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya Mtendaji. Kisha akauliza kama kituo hupokea watu hata Jumamosi.